Aliyetaka Kusomea Hewa ya Sayari

Alikuwa hapendi kuambiwa pole. Ukimpa pole kwa jambo lililompata ofisini, alikukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyemtenda. "Pole mpe mgonjwa," alisema. "Mimi siumwi. Mimi nimedhulumiwa." Kisha aliendelea kusonga ugali wake, nawe ukabaki mlangoni hujui uingie au uondoke.

Sisi walimu wenzake tulimwita Madamu wa Fizikia. Wanafunzi walimwita Madamu tu, ingawa shuleni kwetu Ifakara walimu wa kike tulikuwa kadhaa. Ukisikia "Madamu anakuja" na madawati yanaburutwa kwa haraka, basi ni yeye. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ukuta mmoja, na kwa miaka mingi ya tisini nilisikia karibu kila alilosema, maana hakujua kusema taratibu. Alinizidi umri kiasi cha kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia, "Marahaba, mdogo wangu," halafu bila kupumua akaniuliza kama nimesikia upuuzi mpya. Kila siku palikuwa na upuuzi mpya.

Ninaandika habari zake kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuficha yake.

Alikuwa na redio ndogo ya betri. Betri zikichoka alizianika juani kwenye ungo, pembeni ya mchele, apate siku mbili zaidi. Waya wa redio wa kunasia mawimbi aliufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ilikuwa marufuku mtu kuanika shuka wakati wa vipindi vya sayansi. Jioni moja, katikati ya miaka hiyo, alikuja kwangu mbio, mwiko bado mkononi.

"Wameipata!" alisema.

Juma lile alikuwa ameibiwa kuku, nikadhani mwizi amekamatwa.

"Yuko polisi?"

"Nani yuko polisi? Sayari! Wamepata sayari inayozunguka nyota nyingine, nyota kama jua letu. Kubwa kama Jupita, lakini imeisogelea nyota yake hadi inamaliza mzunguko kwa siku nne tu. Unaelewa? Mwaka wake mzima ni siku nne! Joto lake hebu lifikirie."

Sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria ugali wake unaoungua upande wa pili wa ukuta. Yeye aliketi kwenye gunia langu la mpunga, akaanza kunieleza, na naweza kusema kwamba toka jioni ile hakunyamaza tena juu ya jambo hilo mpaka tulipoachana.

Alichotaka kujua ni hewa. Kwamba sayari ipo, hilo wengine walikuwa wameshalimaliza. Yeye aliuliza imefunikwa na nini. Alipokuwa chuo kikuu alikuwa amesomea mwanga unaopita kwenye gesi, na tangu hapo jambo hilo lilikuwa limemkaa kichwani, halina pa kwenda. Sasa lilipata pa kwenda. Alisema sayari ya namna ile haina ardhi. Ukidhani utaikanyaga, utazama tu, maana ni hewa mpaka ndani sana. Huenda upande mmoja unaitazama nyota siku zote, kwa hiyo huko ni mchana usiokwisha na joto lake linazidi la tanuri la matofali. Upande wa pili ni giza tupu. Katikati, alisema, lazima kuna upepo, tena upepo usio na mfano, unaobeba joto kulipeleka gizani.

"Hewa tupu?" aliuliza mwalimu mmoja wa kiume ofisini, akicheka. "Yaani unajisumbua kwa hewa tupu?"

"Tupu ni kichwa chako," alimjibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Kwangu alikuja kutafuta maneno. Alidai kwamba kama jambo halisemeki kwa Kiswahili, watu watadhani ni mali ya wengine. Nilimpendekezea tuziite sayari hizo majitu ya moto. Alikataa papo hapo. "Jitu ni la kutishia watoto wasiolala. Hii ni kitu halisi, ina uzito, ina mwendo." Tulibishana hadi uji ukapoa. Mwisho tukakubaliana na "sayari kubwa za joto kali," maneno marefu yasiyo na raha yoyote, lakini aliyatumia kwa heshima kama anayetaja jina la mkwe.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mgomvi. Aliwahi kugombana na muuza mkaa kwa sababu ya hesabu, na kumbe mkosaji alikuwa yeye. Hakuomba radhi, ila toka siku ile hakununua mkaa kwa mtu mwingine. Alihubiri kila siku kwamba tusiogope kitu ambacho hatujakichunguza, lakini radi ikianza kupiga kutoka upande wa milima ya Udzungwa, alihamia kwangu na mto wake wa kulalia, akajikunja pembeni ya kabati, akawa haongei. Nilimtania mara moja kwamba huko kwenye sayari zake dhoruba ni kubwa kuliko hii. "Huko sitaishi," alisema kwa sauti ndogo. "Huko nitatazama tu."

Jumapili aliimba kwaya kanisani, safu ya mbele, sauti ya pili. Mzazi mmoja aliwahi kumfuata baada ya misa, mbele za watu, akamwambia anawafundisha watoto mambo ya ulimwengu mwingine ambao Mungu hakuutaja. Madamu alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. "Baba, shikamoo kwanza," alisema. Mzee akaitikia. "Mungu hakuniomba nimfichie kazi yake," akamalizia, akaondoka.

Darasani kwake sitasahau. Nilikuwa na kipindi cha wazi, nikaingia kukaa nyuma. Alikuwa ameziba madirisha ya maabara kwa mablanketi aliyoazima bwenini, joto la Ifakara la mchana likawa kama tumo ndani ya chungu. Aliacha tundu moja. Mwanga wa jua uliingia kama ufito, akauwekea kioo cha pembe tatu, na ukutani zikatokea rangi zote, nyekundu mpaka zambarau. Wanafunzi wakaguna. Halafu akawasha moto wa spiriti, akatupia chumvi ya kawaida ya jikoni. Moto ukageuka njano kali, nyuso zetu zote zikawa njano.

"Chumvi ina sodiamu," alisema. "Sodiamu ikipata moto, inatoa rangi hii na si nyingine. Lakini ikisimama mbele ya mwanga mkali kuliko wake, inakula rangi hiyohiyo. Sasa sikilizeni. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo unapenya kwenye hewa ya sayari kabla ya kutufikia. Tukikuta njano imepungua, tutajua nini?"

Binti mmoja akasema, kwa hofu, "Hewa yake ina chumvi?"

"Ina sodiamu! Kwenye joto lile itakuwa mvuke. Mtu amekaa hapa hapa Ifakara na amejua kilichomo kwenye hewa ya mahali ambapo hakuna atakayefika. Kaa chini, mwanangu. Umejibu vizuri."

Wakati ule, alituambia, hakuna aliyewahi kuona hata sayari moja ya namna hiyo ikipita mbele ya nyota yake. Alikuwa anawafundisha jambo ambalo halijafanyika bado. Kwake hilo halikuwa kikwazo.

Basi aliandika maombi nje ya nchi, na chuo kimoja kikamkubali kusomea shahada ya pili, hasa juu ya hewa za sayari hizo. Masomo wangemlipia wao. Kutoka kwetu kilihitajika kitu kimoja tu, ruhusa ya mwajiri kwenda masomoni. Sahihi moja na muhuri.

Aliniomba nimsindikize ofisi ya elimu. Alivaa gauni lake la kanisani. Ofisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya wa sura. Alituletea hata soda. Akasoma karatasi zake, akarudia kusoma, kisha akaanza kucheka taratibu, akimtazama mwenzake wa meza ya pili.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa bonde hili?"

"Ndiyo, bwana ofisa."

"Unaona mafuriko yanavyotuzoa. Unaona malaria. Watoto wanakufa. Mpunga unaoza kwa kukosa barabara. Sasa katika shida zote hizo, wewe unataka serikali ikuruhusu ukasomee upepo wa nyota?"

"Wa sayari," alisema. "Na serikali hailipi kitu."

"Taifa linafaidika nini?"

"Mwalimu anayejua anachofundisha."

Ofisa akasogeza kiti karibu. Alishusha sauti, akawa kama mjomba. "Nikushauri, mama. Rudi uandike upya. Andika malaria. Andika mbu. Andika hata magugu ya mpunga. Nakuhakikishia utapita. Ukishafika huko, utajua mwenyewe unasoma nini."

Nilimtazama Madamu. Nakiri moyoni nilitamani akubali, jambo liishe, turudi nyumbani. Yeye alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona.

"Unaniambia nidanganye ili niwe na faida kwa taifa," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo, na huyu ni shahidi. Malaria nimeugua mara nyingi kuliko wewe. Waliosomea malaria ni ndugu zangu, nawaheshimu, na chandarua chao nalalia. Lakini nani amekuambia kwamba mtu akizaliwa kwenye matope, haki yake ni kusoma matope tu?"

Ofisa alirudisha karatasi ndani ya bahasha, akampa, akaita, "Anayefuata!"

Madamu aliiacha soda yake pale mezani, haijafunguliwa.

Njiani alinitangulia kwa hatua ndefu, bahasha ameibana kwapani. Tulipofika karibu na soko, gari lilipita likitimua vumbi, limebeba mtafiti kijana wa Kizungu tuliyemfahamu wote. Alikuwa anakaa Sanje, chini ya milima, akirekodi sauti za kima msituni. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, aliyejitahidi kusema shikamoo hata kwa watoto. Hapo ndipo Madamu alipolipuka, katikati ya barabara, watu wakageuka.

"Yule ametoka kwao, amevuka bahari, anakuja kusikiliza kima wanavyokohoa! Na ni sawa! Ni kazi nzuri, mimi mwenyewe nimemsikiliza nikafurahi. Lakini kuna aliyemuuliza kwao kama hawana wagonjwa? Kuna aliyemwambia arudi akaandike mafua?"

Nimesikia hoja za wakubwa, kwamba nchi maskini lazima ichague. Sawa, ichague. Lakini hapa hapakuwa na kuchagua. Hakuna mtoto ambaye angekosa dawa kwa sababu ya sahihi ile. Walimnyima kwa sababu walishindwa kuamini kwamba mwanamke wa Kilombero anaweza kutaka kujua jambo kwa sababu tu lipo.

Palikuwa na mtu mmoja aliyemwelewa bila shida. Mama mmoja wa Kisukuma alikuwa akituletea maziwa asubuhi kutoka kambi ya ng'ombe. Alimkuta Madamu akinieleza habari za sayari, akatua kibuyu chake akasikiliza. Aliuliza kama kuna majani. Aliambiwa hakuna. Akafikiri kidogo.

"Na hewa yake inanukaje?" akauliza.

Madamu alipiga makofi. "Hilo ndilo swali!"

"Jibu lake?"

"Sijui, mama. Ndicho nilichotaka kwenda kujua."

Yule mama alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Sasa wamekuzuia kwa nini?"

Ungedhani baada ya hapo angekata tamaa. Likizo ilipofika alipanda treni kwenda Dar es Salaam, akashinda katika maktaba ya chuo kikuu akisoma majarida ya sayansi, akarudi amekonda, macho yanang'aa. Jumamosi alianza kuwafundisha waliotaka, kwa hiari, bila malipo. Walikuwa wachache, halafu wakaongezeka, hadi wa shule nyingine wakawa wanakuja kwa baiskeli, wengine wakivuka kwa pantoni kutoka upande wa Lupiro.

Mkuu wa shule aliogopa. Simlaumu kwa kuogopa, namlaumu kwa alichofanya. Alipigiwa simu kutoka ofisi ileile, akaambiwa mwalimu wake anafundisha mambo yasiyo kwenye muhtasari na kutumia vibaya mali ya shule. Mali yenyewe ilikuwa spiriti na chumvi, na chumvi ilikuwa ya Madamu. Maabara ikafungwa kufuli siku za Jumamosi. Yeye akawafundishia uwanjani, chini ya goli la mpira, akitumia mche wa sabuni kuwa sayari na kichwa cha mwanafunzi mrefu kuwa nyota.

Katikati ya muhula ikaja barua ya uhamisho. Alipelekwa shule changa upande wa Chita, magharibi ya bonde, shule isiyokuwa na maabara kabisa. Mwalimu pekee wa Fizikia tuliyekuwa naye alipelekwa mahali pasipo na hata mizani, na kwetu wanafunzi wa kidato cha nne wakabaki bila mwalimu mpaka mtihani. Hilo nalo lilikuwa na faida gani kwa taifa? Nilimuuliza mkuu wa shule swali hilo ofisini kwake. Aliniambia nipunguze sauti.

Nilimwambia Madamu aache kazi, aende zake masomoni bila ruhusa. Alinikatalia kwa ukali. "Nikiacha kazi nitakuwa nimekubali kwamba haki sina. Mimi ni mtumishi. Watanipa." Ndivyo alivyokuwa. Alizitukana ofisi kutwa nzima, na bado aliziamini kuliko sisi tuliokuwa tunazinyenyekea.

Kule Chita alikaa miaka. Habari zake nilizipata kwa wasafiri wa treni. Nilisikia amefundisha mwanga kwa kutumia ndoo ya maji na kipande cha kioo. Nilisikia amegombana na mkuu mpya. Nilisikia anaumwa, halafu nikasikia si kweli.

Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, shule zikiwa karibu kufungwa, mwanafunzi mmoja alishuka kwenye treni akaja na salamu zake kwa mdomo. Madamu anasema uwe stesheni kesho, treni ya kwenda Dar.

Nilifika asubuhi. Treni ilikuja mchana, imechelewa kama kawaida yake. Watu walianza kupitisha mikungu ya ndizi madirishani, na katikati ya vurugu ile nikasikia sauti ikimkaripia mtu asimkanyagie sanduku. Nikaifuata. Alikuwa dirishani, nywele zimeingia mvi, amevaa lile gauni la kanisani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umesikia?"

"Upuuzi gani tena?"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi. "Si upuuzi. Wameiona. Sayari kubwa ya joto kali imepita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota ukapungua, wakapima. Redio imesema mwezi uliopita. Sasa hewa yake inasomeka. Nilichowaambia watoto pale maabara kinawezekana."

"Hongera," nikasema.

"Hongera ya nini? Waliopima ni wengine." Uso wake ukabadilika. Alishika ukingo wa dirisha. "Nilisikia habari ile Alhamisi. Ijumaa nikaingia darasani nimejiandaa kuwaeleza. Nikakuta darasa tupu. Mkuu ameamua vipindi vya Fizikia viwe vya kusafisha majaruba ya mpunga ya shule, kwa kuwa, anasema, Fizikia haina vifaa. Watoto wangu wako kwenye matope, na jembe langu limewekwa pembeni linanisubiri."

"Ukafanya nini?"

"Nililichukua. Nikalima nao mpaka saa sita. Nikawaeleza habari yote hukohuko majarubani, kila aliyekuwa na swali akauliza. Halafu nikanawa miguu, nikaenda ofisini, nikaandika kwamba naacha kazi."

Nilihisi machozi, na sikujua ni ya furaha au ya uchungu. Miaka yote ile. Walimpotezea miaka yote ile, na alipoondoka hakuna aliyemuuliza hata sababu. Alinieleza haraka haraka, kwa kuwa filimbi ilikuwa imeshalia mara ya kwanza. Alikuwa hajaacha kuandika maombi. Chuo kingine kilikuwa kimemkubali, atasoma huku akiwasaidia wanafunzi wa maabara. Shamba lake ameliuza apate nauli. Barua ya kukubaliwa ameitembeza miezi kadhaa bila kujua aifanyie nini, mpaka ile Ijumaa.

"Dada, lakini umri," nilisema. Nilijuta kabla sijamaliza. "Watakuwa vijana wote darasani. Na umekaa mbali na vitabu. Huko nako wakikukataa?"

Treni ilishtuka, mabehewa yakagongana, ikaanza kuvuta. Nilitembea sambamba na dirisha. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyekaribia jibu.

"Wakinikataa huko," alisema, "watakuwa wamenikataa kwa Fizikia. Hilo nitaliweza."

Akanipungia mkono mara moja, kisha akafunga dirisha, maana vumbi lilikuwa linaingia.